Sehemu ya tatu ipi ina afadhali: Godfather, Millennium, au tukomee kwenye ya pili?

Jirani wa Section 58, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa wote. Naomba ushauri wa watu waliotazama hadi mwisho, si wa waliosimuliwa.

Sisi ni majirani tisa, wengi wetu walimu na mmoja fundi wa redio, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana sebuleni kwangu kutazama filamu moja kwa projekta ya kuazima. Kila mtu hutoa shilingi 200 za chai, mandazi na kukodi spika. Kwa miezi mitatu tumekuwa tukitazama Infernal Affairs, zile filamu tatu za Hong Kong zinazomhusu askari aliyepenyezwa katika genge na mwanagenge aliyepenyezwa katika polisi. Ya kwanza iliwashika watu hata chai ikapoa vikombeni. Ya pili, inayorudi nyuma hadi 1991 na kutuonyesha wahusika hao wakiwa vijana, wengine waliipenda kuliko ya kwanza. Ya tatu tuliitazama Jumamosi iliyopita, na kwa nusu saa ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kujibu swali moja tu: "Huyu si tulimwona akifa?" Filamu hiyo huruka kutoka miezi ya kabla ya kifo cha Chan, yule askari aliyepenyezwa, hadi miezi ya baada yake, kisha ikarudi tena, bila kumwonya mtazamaji, na ilipofika dakika ya arobaini fundi wetu alitoka akisema anakwenda kuangalia pikipiki yake. Hakurudi. Wawili wengine wamenieleza waziwazi kwamba hawatatoa mchango wa mwezi ujao iwapo tutaanza tena safari ya filamu tatu yenye mwisho wa namna hiyo.

Mapendekezo yaliyopo ni mawili: The Godfather, zile filamu tatu za Marekani za familia ya wahalifu ya Corleone, au filamu za Uswidi za Millennium zilizotokana na riwaya za Stieg Larsson. Tatizo ni kwamba zote mbili zinasemwa jambo lilelile, kwamba ya kwanza ni bora na ya tatu ni dhaifu. Nisaidieni kupima. Ni udhaifu wa sehemu ya tatu ipi unaovumilika zaidi? Au ni heri tukomee kwenye ya pili na ya tatu tuiache kabisa? Mkitaka kufichua mwisho, tafadhali tahadharisheni kwanza.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Jirani, chagueni The Godfather na mtazame zote tatu, ila sehemu ya tatu mtafute ile iliyohaririwa upya.

Sehemu ya kwanza ilitoka 1972 na ya pili 1974, na kila moja ikapata Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka. Ya tatu ilikuja Desemba 1990, miaka 16 baadaye, ikateuliwa kuwania tuzo saba na haikupata hata moja. Kwa maoni yangu haikuwa filamu mbovu. Ilikuwa filamu ya kadiri iliyokalishwa kwenye kiti cha wazee. Makosa yake yanahesabika. Robert Duvall, aliyekuwa Tom Hagen, wakili wa familia, hakurudi kwa sababu hawakuelewana kuhusu malipo, na nafasi yake ikajazwa na wakili mwingine ambaye mtamsahau kabla hajatoka chumbani. Winona Ryder, aliyepangiwa kuwa Mary, binti ya Michael Corleone, alijiondoa dakika za mwisho, na mwongozaji Francis Ford Coppola akampa nafasi hiyo binti yake mwenyewe, Sofia, kijana wa miaka 18. Anayatamka maneno yake kama mwanafunzi aliyeitwa ghafla kusoma tangazo mbele ya gwaride. Tena hadithi inazama katika fedha za Vatikani na kampuni ya Immobiliare, ambayo Michael anataka kuitawala kwa dola milioni 600, kiasi kwamba inafaa mketi na mhasibu kando yenu.

Sasa nafichua jambo, kwa hiyo asiyetaka aruke aya hii. Mwishoni mwa sehemu ya pili Michael anaamuru ndugu yake wa tumbo moja, Fredo, auawe. Hasemi neno. Katika sehemu ya tatu, akiwa mzee mwenye ugonjwa wa kisukari, anaketi uani na kardinali mmoja mpole ambaye anatoa jiwe majini, analivunja na kumwonyesha kwamba ndani ni kavu ingawa limelowa miaka mingi. Kisha anamwalika kuungama. Michael anakataa, anazunguka, anasema atahitaji muda mrefu sana, halafu ghafla analitamka lile la Fredo na kulia kwa sauti. Mimi nimeitazama filamu hiyo mara nne na onyesho hilo halijawahi kunipita kavukavu. Bila hilo, filamu mbili za kwanza ni deni ambalo hakuna aliyekuja kulidai.

Toleo ninalowapendekezea lilitoka Desemba 2020, Coppola mwenyewe akiwa amelipanga upya na kulipa jina ambalo yeye na Mario Puzo, mwandishi wa riwaya yenyewe, walilitaka tangu mwanzo, linalotaja kifo cha Michael Corleone. Linaanza moja kwa moja na mazungumzo ya fedha kati ya Michael na askofu mkuu, kwa hiyo habari ya benki mnaielewa mapema badala ya kuikuta njiani. Kasoro za uigizaji hazikufutika, kwa kuwa mkasi haumfundishi mtu kuigiza, lakini filamu inatembea.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Mimi nasema mkomee kwenye ya pili, iwe ya nchi gani. Hadithi ya uhalifu huendeshwa na siri. Ikifika sehemu ya tatu mtazamaji anazijua siri zote, na kilichobaki ni kuona nani atazikwa wapi. Infernal Affairs yenyewe ilifanywa upya Marekani mwaka 2006 kwa jina la The Departed, Martin Scorsese akaifunga yote katika filamu moja, karibu kila mtu akafa, na ikapata Oscar ya filamu bora. Kuna aliyelilia sehemu ya tatu?

Binti wa Mumias, Kakamega

Ndugu wa Kondele, hoja yako ya siri ni nzuri, lakini imemwacha nje Lisbeth Salander, yule mwanamke ambaye ndiye mhusika mkuu, kwa maana siri kubwa ya filamu za Millennium ni maisha yake mwenyewe, na sehemu ya tatu ndiyo inayoifungua mbele ya mahakama. Nimezisoma riwaya zote tatu na nimeziona filamu zote tatu za Uswidi, kwa hiyo naomba nizungumze kwa urefu kidogo.

Larsson alikuwa mwandishi wa habari aliyefariki mwaka 2004, kabla ya riwaya hata moja kati ya hizo kuchapishwa. Filamu zote tatu zilionyeshwa Uswidi katika mwaka mmoja, 2009. Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko ya watu. Ya kwanza, iliyoongozwa na Niels Arden Oplev, ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Ya pili na ya tatu, zilizoongozwa na Daniel Alfredson, zilikusudiwa runinga, na zikapelekwa kwenye sinema baada ya ile ya kwanza kufanikiwa kupita matarajio. Mtaliona jambo hilo bila kuambiwa. Katika ya kwanza kuna theluji, kisiwa, nyumba za familia tajiri zenye picha za kale, na kamera inayotulia mpaka baridi ikuingie. Katika ya tatu kuna ofisi, korido, na watu wawili wakizungumza huku mmoja akishika faili. Halafu ofisi nyingine.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, na imetoka kwenye riwaya yenyewe. Sehemu ya pili inaisha Lisbeth akiwa amepigwa risasi kichwani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya filamu ya tatu yuko kitandani hospitalini, kisha yuko mahabusu, akiandika kwa siri kwenye kifaa kidogo alichopenyezewa. Noomi Rapace, mwigizaji ambaye kwa filamu mbili amekuwa akikimbia, akipiga, akiendesha pikipiki na kudukua kompyuta za watu, analazwa. Anayebaki kukimbia ni Mikael Blomkvist, mwandishi wa habari, ambaye namheshimu, lakini kumtazama akifungua barua pepe si kazi ya Jumamosi jioni. Katika kitabu hali hiyo haichoshi, kwa sababu msomaji yuko ndani ya kichwa cha Lisbeth na anajua anachopanga. Kwenye skrini unaona tu uso kwenye mto.

Hata hivyo, vumilieni mpaka mahakamani. Anaingia amevaa nguo nyeusi za ngozi na nywele zimesimamishwa katikati ya kichwa kama upanga wa jogoo, naye hasemi lolote ila kinachomlazimu. Wakili wake, dada yake Mikael, anamhoji yule daktari wa akili aliyemfunga Lisbeth kitandani alipokuwa mtoto, na ndani ya dakika chache mzee yule mwenye sauti ya upole anavuliwa nguo za heshima moja baada ya nyingine. Hapo sebule yenu itapiga makofi. Sijaona filamu ya uhalifu ambamo haki inapatikana kwa karatasi badala ya bunduki ikawa tamu namna hiyo.

Mkiweza kulipata, kuna toleo refu la filamu zote tatu lililopangwa kuwa mfululizo wa runinga wa sehemu sita, kila moja saa moja na nusu hivi. Huko ndiko sehemu ya tatu inakopumua, kwa kuwa ilizaliwa kwa ajili ya runinga na si vyema kuilaumu kwa kuwa na sura ya mama yake.

Jirani wa Section 58, Nakuru

Asanteni sana. Nina maswali mawili. Kwanza, mama mkwe wangu amehamia kwetu tangu mwezi wa pili na sasa ni mtazamaji wa kudumu. Anaketi kiti cha mbele na anatoa mchango wake kabla ya wote. Je, kuna lolote katika Millennium litakalonifanya nitamani ardhi ipasuke? Pili, urefu. Nyumba yangu iko mbali kidogo na barabara, na wanaokwenda Lanet na Njoro hawapendi kutafuta bodaboda usiku.

Binti wa Mumias, Kakamega

Kaka, ningekuwa mwongo kama nisingekuambia. Filamu ya kwanza ya Millennium ina onyesho la ubakaji, na baadaye la kisasi chake, ambayo yote mawili yanaonyeshwa bila kufumba macho. Yana sababu katika hadithi, na sehemu ya tatu haiwezi kueleweka bila hayo, kwa maana video ya kitendo hicho ndiyo inayochezwa mahakamani. Lakini ni mazito kwa mtu yeyote, sembuse kuyatazama mama mkwe akiwa kiti cha mbele. Mimi mwenyewe niliitazama peke yangu, na nikaisimamisha katikati.

Kwa hiyo kwa kikundi chako, ingawa mioyoni mwetu Lisbeth ni wetu, nakushauri usianze na hiyo. Wakusanye watu wazima wanaojua wanachokwenda kukitazama.

Mama Wawili, Eldoret

Kuhusu muda: Godfather ya kwanza ni dakika 175 na ya pili ni kama dakika 200. Ongeza kusubiri wachelewaji, ongeza stima kupotea mara moja. Mkianza saa kumi na mbili jioni mtamaliza watu wakiwa wamelala. Anzeni saa nane mchana, fungeni mapazia, na mle katikati. Hakuna zaidi.

Mwalimu wa Njoro

Nimesoma kwa makini, na nasikitika kwamba mnajadili The Godfather na Millennium huku maiti ya Infernal Affairs III ikiwa bado sebuleni na hakuna aliyeipima mapigo. Mimi ni mmoja wa wachache wanaoitetea, na nitaitetea kwa mpaka.

Tuanze na sababu za kuchanganya kwake. Filamu ya kwanza ilitoka Desemba 12, 2002. Ya pili ilitoka Oktoba 2003, na ya tatu Desemba 12, 2003, mwaka kamili tangu ile ya kwanza. Filamu tatu kwa mwaka mmoja. Katika ya pili, Andy Lau na Tony Leung, ambao ndio waliowavuta watu sinema, hawakuwapo, kwa kuwa wahusika wao waliigizwa na vijana Edison Chen na Shawn Yue. Watengenezaji walihitaji kuwarudisha wakubwa hao wawili pamoja. Na sasa tahadhari kwa ambaye hajaona: Chan, mhusika wa Tony Leung, aliuawa ndani ya lifti mwishoni mwa filamu ya kwanza. Unamrudishaje marehemu kwenye skrini? Kwa kurudi nyuma ya kifo chake, tena na tena. Kule kuruka kwa wakati kulikomfukuza fundi wenu kulianzia kwenye hitaji la biashara kabla ya kuwa mtindo wa sanaa. Hilo nakubali bila kubishana.

Lakini wakurugenzi wake, Andrew Lau na Alan Mak, waliligeuza hitaji hilo kuwa jambo. Kumbukeni filamu ya kwanza ilivyoisha. Lau, mhusika wa Andy Lau, mwanagenge aliye ndani ya polisi, amebaki hai, amebaki na kazi yake, na hakuna anayemjua. Hata kwa soko la China Bara ilibidi mwisho mwingine utengenezwe, ambamo anakamatwa. Sehemu ya tatu inauliza mtu wa namna hiyo analalaje usiku. Anataka kuwa askari mwema. Mtu mwema pekee anayemjua kwa ukaribu ni yule aliyekufa mbele yake. Basi taratibu anaanza kujiona kuwa ni Chan: anakwenda kwa yule daktari wa akili aliyempenda Chan, anaketi kwenye kiti chake, na anamwandama mtu mwingine kwa imani kwamba huyo ndiye jasusi wa genge, kumbe anajiandama mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ya kuitazama ni nyepesi: kila mnapomwona Chan akiwa hai, ama mko kabla ya kifo chake, ama mko ndani ya kichwa cha Lau. Mtu mmoja akiwatangazia hayo mwanzoni, maswali ya "huyu si alikufa?" yanapungua nusu nzima.

Na mwisho wake nauheshimu. Jina la Kichina la filamu hizi linataja jehanamu ya chini kabisa katika mafundisho ya Kibuddha, ile isiyo na mapumziko. Lau anajipiga risasi na hafi. Tunamwacha kwenye kiti cha magurudumu, hasemi, kidole chake kikigonga alama za Morse, zile zile ambazo Chan alikuwa akizigonga kuwapa habari polisi katika filamu ya kwanza. Adhabu yake ni kuendelea kuwapo.

Nilisema nitaitetea kwa mpaka, na mpaka wenyewe ni huu: wale wahusika wawili wapya, afisa Yeung na yule Shen wa kutoka Bara, wamepewa muda mwingi mno wa kutazama kando kwa macho ya kutisha, na kitendawili chao kikiteguliwa unakuta mkono mtupu. Ukiniambia filamu ingekuwa fupi kwa dakika 25 bila wao, sina jibu.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Mwalimu, umenifanya nitake kuirudia, na mimi nilikuwa nimeifuta kwenye flashi ili nipate nafasi ya mechi.

Ila kuna tofauti unayoipitia juu. Ulivyoieleza, filamu hiyo inahitaji mtu wa kutangaza kanuni kabla haijaanza. Sehemu ya tatu ya Godfather haihitaji mkalimani. Mtu aliyeingia akiwa amekosa zile mbili za kwanza ataelewa kwamba huyu ni mzee aliyeua ndugu yake na anataka kusamehewa. Utashi wake uko wazi hata kama njia imejaa mabenki.

Binti wa Mumias, Kakamega

Mvuvi, nakubaliana nawe juu ya onyesho la maungamo, lakini mzigo mliomtwisha Sofia Coppola miaka hii yote nauona si wa haki. Alikuwa na miaka 18 na aliitwa kuziba pengo. Aliyeandika kwamba Mary ampende binamu yake Vincent, mtoto wa Sonny, kaka yake Michael, kisha akasahau kuandika ni kwa nini anampenda, si yeye. Hata mwigizaji hodari angepata wapi joto katika mazungumzo yale? Andy Garcia, aliyekuwa Vincent, anamwaka katika kila onyesho lenye bunduki na anazimika katika kila onyesho la mapenzi, na yeye hakuna anayemlaumu. Sofia baadaye alikwenda nyuma ya kamera na akapata Oscar ya mwandishi kwa filamu yake mwenyewe.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Hoja imepokelewa kuhusu maandishi. Kuhusu matamshi, nabaki nilipo. Tazama ngazi za jumba la opera la Palermo, pale mwisho, neno la mwisho analolisema. Ni neno moja tu, "Baba", na bado.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Wazee wangu, mmenihukumu kwa hoja ya siri, nami nimejifikiria upya. Kuna trilojia moja inayonikanusha, nayo ni Pusher ya Denmark, ya Nicolas Winding Refn: 1996, 2004 na 2005. Aliirudia baada ya miaka minane kwa sababu filamu yake nyingine ilimwacha na madeni makubwa, kwa hiyo ingetarajiwa kuwa takataka ya kutafuta pesa. Kumbe sivyo. Ujanja wake ni kwamba kila filamu inabadilisha mhusika mkuu. Ya kwanza inamfuata mlanguzi mdogo anayedaiwa. Ya pili inamchukua rafiki yake, Tonny, aliyeigizwa na Mads Mikkelsen. Na ya tatu inamchukua Milo, yule yule bosi aliyewatisha wote katika ya kwanza, na kumwonyesha siku moja tu, siku ya kuzaliwa ya binti yake anayetimiza miaka 25. Bosi mwenyewe sasa anahudhuria mikutano ya kuacha dawa za kulevya, anapikia wageni zaidi ya arobaini, na vijana wapya wa mjini hawamwogopi tena. Hakuna siri iliyobaki, na bado huwezi kuacha kutazama, kwa kuwa unaye mtu mpya wa kumwonea huruma. Nadhani hapo ndipo Millennium na Infernal Affairs zilipokwama: zilibaki na mtu yule yule na jeraha lile lile.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Kijana wangu, Pusher ya tatu naifahamu, na umemficha Jirani mambo mawili. Chakula anachokipika Milo kinawaharibu matumbo watu wake mwenyewe, na saa ya mwisho ina onyesho la kumficha marehemu ambalo lingemtoa nje hata mchinjaji wa Kondele. Usiipeleke kwenye sebule yenye mandazi na mama mkwe.

Kijana wa Kondele, Kisumu

Sikumficha. Nilikuwa bado sijafika huko.

Mwalimu wa Njoro

Naongeza neno moja juu ya hoja ya kijana, kwa kuwa imenigusa. Ni kweli kwamba kubadilisha mhusika kunaisaidia sehemu ya tatu. Lakini tusisahau gharama yake: mwisho wa Pusher haufungi chochote, kwa sababu kila mtu ameachwa kwenye filamu yake. Wanaotazama filamu tatu kwa miezi mitatu wakilipa shilingi 200 kila mara wanataka mlango ufungwe, hata kama unafungwa kwa kelele. Godfather na Millennium zinaufunga. Infernal Affairs inaufunga kwa msumari.

Jirani wa Section 58, Nakuru

Narudi na taarifa, baada ya majuma mawili.

Millennium tumeiahirisha; Binti, ahsante kwa ukweli wako, umeniokolea nyumba. Walimu wanne wameomba tuitazame peke yetu likizo ya Agosti, na tutatafuta lile toleo refu la runinga.

Halafu nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Jumapili iliyopita nilimwita fundi na wale wawili waliogoma, nikawasomea kanuni ya Mwalimu kuhusu Chan, na tukairudia Infernal Affairs III kwenye kipakatalishi, bila projekta wala mchango. Fundi alikaa hadi mwisho. Bado anasema Yeung na Shen ni upotevu wa muda, na kwamba yeye angeitengeneza kwa saa moja na nusu, lakini kidole cha Lau kilipoanza kugonga aliinamia skrini, kwa kuwa alijifunza Morse zamani, na akaanza kuhesabu nukta na mistari kwa sauti. Mmoja wa waliogoma aliniomba nirudishe nyuma lile onyesho la kwa daktari. Mwingine alilala. Kwa hiyo nayaweka matokeo kuwa wawili kwa mmoja.

The Godfather imepita kwa kura sita dhidi ya tatu. Tunaanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu saa nane mchana, kama Mama Wawili alivyoshauri. Kuhusu sehemu ya tatu, kikundi kimekataa kuahidi: tutapiga kura nyingine siku tutakapomaliza ya pili, na anayetaka kuitazama atainua mkono palepale, Fredo akiwa bado mbichi akilini mwao. Mvuvi, kama una toleo la 2020 kwenye diski halali, niandikie bei. Na mama mkwe anauliza kama kweli kuna padri ndani yake, maana ameanza kuwaalika wenzake wa jumuiya.